Bi Marufuku na Mate ya Kuazima

Kama uliwahi kusoma shule ile, huhitaji kutajiwa jina lake. Na kama hukusoma, jina halitakusaidia kitu, maana hata walimu wenzake walishalisahau. Wote walimwita Bi Marufuku. Wanafunzi walimwita hivyo mgongoni, walimu walimwita hivyo usoni, na siku moja yeye mwenyewe alipopokea simu ya ofisi alijikuta anasema, "Haloo, Bi Marufuku hapa."

Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alikuwa mwalimu wa nidhamu, na ukuta mtupu aliuona kama mtoto asiye na shati: lazima uvalishwe. Kwenye bomba aliandika ni marufuku kuchezea maji. Kwenye ngazi, ni marufuku kukimbia. Mlango wa choo ulikuwa na marufuku nne, na ukizisoma zote ulikuwa umeshachelewa. Lakini mama wa marufuku zote kilikuwa kibao cha bati jeupe alichokipaka rangi kwa mkono wake mwaka aliofika, herufi nyekundu, kwenye ukuta wa baraza unaotazamana na geti: NI MARUFUKU KUTEMA MATE.

Mate aliyachukia kuliko utoro. Ukitema mbele yake ulipewa ndoo na brashi, ukasugua ukuta mzima, si pale ulipotema tu. Mwalimu mkuu wa sasa, mtu mzima mwenye kitambi na funguo za gari, aliusugua ukuta ule akiwa darasa la nne. Mpaka leo Bi Marufuku akiingia ofisini kwake, mikono ya mkuu inakwenda nyuma yenyewe bila kuambiwa.

Na jambo la pili la kumjua nalo ni hili: katika miaka ishirini na saba hakuwahi kukosa kazi hata siku moja. Alikuja na homa, alikuja na jino, alikuja na mguu uliofungwa bendeji ukawa mkubwa kama mto wa kulalia. Alimzika mama yake Jumapili, Jumatatu akapiga kengele. Watoto wake wawili walizaliwa likizo, na watu waliapa kwamba hilo nalo aliliamuru. Daftari la mahudhurio ya walimu alilishika yeye. Mstari wa kwanza ulikuwa sahihi yake, na ikifika saa mbili kamili alichukua kalamu nyekundu akaandika "hayupo" kwa kila ambaye hajafika, hata kama amemwona kwa dirisha anakimbia uwanjani, koti likipepea.

Sasa alikuwa amebakiza wiki tisa astaafu. Mwalimu mkuu alishamtengenezea cheti kikubwa cha fremu na kioo, akakificha nyuma ya kabati namna wanaume wanavyoficha vitu, yaani nusu ikawa nje. Bi Marufuku alikisoma mara tatu akijifanya anatafuta chaki. "Kwa miaka ishirini na saba bila kukosa hata siku moja." Wengine hustaafu na nyumba mbili, wengine na shamba. Yeye alikuwa na sentensi ile moja, na ilimtosha kabisa.

Ndipo yakaja mate.

Aliyeyaleta alikuwa nesi wa kituo cha afya, binti mwembamba mwenye sauti ndogo na boksi kubwa. Aliwaeleza walimu kwamba virusi vya mafua na kikohozi vimekuwa vikizunguka mashuleni, mtoto anampa mwenzake, mwenzake anampelekea bibi nyumbani. Badala ya kungoja watu walale kitandani, kila Jumatatu asubuhi kila mwanafunzi na kila mfanyakazi wa shule atatema mate kwenye kichupa, yatapelekwa maabara, na atakayekutwa na virusi atapumzika nyumbani siku tano, hata kama anajiona mzima. Sindano hakuna, maumivu hakuna. Masharti yenyewe: nusu saa kabla usile, usinywe, usipige mswaki. Mate yafike kwenye mstari wa kichupa. Povu halihesabiwi.

"Na mlinzi wa getini?" akauliza mwalimu wa hesabu.

Nesi akapekua karatasi zake. "Mlinzi ni wa kampuni ya ulinzi, si mfanyakazi wa shule. Hayumo kwenye orodha."

"Anayegusa kila mkono unaoingia ndiye hayumo. Sawa," akasema mwalimu wa hesabu. "Na msimamizi wa zoezi?"

Macho yote yakageuka. Nani mwingine angeweza kuwapanga foleni watoto mia nne? Bi Marufuku akavuta pumzi ndefu kama mtu anayeambiwa abebe mbwa wa jirani.

"Kwa hiyo, dada yangu," mwalimu wa hesabu hakuacha, "ndoo na brashi tuzitoe, au tusubiri kidogo?"

"Ngoja siku ukitema pembeni, utaziona."

Nesi alimkabidhi tangazo la kubandika, karatasi ndefu kama kanzu. Mahali pazuri palikuwa ukuta wa baraza tu, lakini karatasi ikining'inizwa ilifunika kibao cha bati. Mwalimu mkuu, mikono nyuma, akapendekeza kwamba labda kibao kiondolewe kwa muda.

"Kibao hiki hakijawahi kuondoka," akasema Bi Marufuku. "Kama mimi."

Akasoma tangazo kutoka juu mpaka lilipofika kwenye kibao, akaona yanayobaki chini ni vidole vinne vya maandishi madogo. "Hayo ni anwani na mihuri," akasema, akakunja karatasi kwa nyuma, akapigilia pini zake nne. Likakaa juu ya kibao sawasawa, halijakigusa hata kwa unywele. Ikawa ukutani kuna amri mbili, ya juu inasema kila mtu ateme mate, ya chini inasema ni marufuku. Watoto wa darasa la kwanza, ambao ndiyo kwanza walikuwa wamejua kusoma, walizisoma zote mbili, na wawili wakaanza kulia.

Jumatatu ya kwanza haitasahaulika. Watoto mia nne wamekaa kwenye ukumbi, kila mmoja na kichupa chake, na mwanamke aliyewafundisha tangu wakiwa na meno ya maziwa kwamba mate hayatemwi amesimama mbele yao anasema, "Temeni!" Hakuna aliyetema. Walimtazama kama panya anavyotazama kipande cha samaki kilichowekwa mahali pazuri mno.

"Nimesema temeni!"

"Mwalimu," akasema mvulana wa mbele, "ndoo iko wapi?"

"Hakuna ndoo leo. Tema, mwanangu. Tafadhali."

Neno "tafadhali" kutoka kinywa kile liliwatisha zaidi. Ilibidi mwalimu mkuu mwenyewe asimame ateme kwenye chake mbele ya watu wote, na alipokuwa akitema alimwangalia Bi Marufuku kwa jicho la pembeni, na sikio moja likawa jekundu. Hapo ndipo watoto wakaamini.

Alibaki msichana mmoja wa darasa la tatu. "Mwalimu, hayatoki."

"Hakuna kinywa kisicho na mate," akasema Bi Marufuku kwa sauti ya ukumbi mzima. "Kuna kiburi tu."

Nesi akamwinamia yule mtoto, akamnong'oneza afikirie limau limekatwa nusu, na kichupa kikajaa.

Watu wazima waliaminiwa. Kila mwalimu alichukua kichupa chake akaenda kujificha nacho anakojua. Bi Marufuku alijifungia stoo ya chaki, akakifungua, akainamisha kichwa. Kimya. Akafikiria limau. Akafikiria malimau mawili. Akafikiria embe bichi la utotoni, lile la kuiba, lililokuwa linakunja uso mpaka masikio. Kilichotoka ni povu kidogo, kama la sabuni iliyokwisha.

Hapa lazima niseme jambo ambalo yeye hakulisema kwa mtu. Miaka miwili sasa alikuwa anameza vidonge vya presha, na vile vidonge vilimkausha kinywa. Asubuhi ulimi wake uliamka kama kipande cha ubao. Alikuwa akizunguka na chupa ya maji kutwa nzima, watu wakidhani ni mambo ya afya. Lakini nusu saa kabla ya kichupa maji hayaruhusiwi, na nusu saa kwa kinywa kile ilikuwa kiangazi kizima.

Jumatano mwalimu mkuu akamwita. "Mwalimu, maabara wanasema yako hayakutosha."

"Hayakutosha kwa nini? Wanayapikia?"

"Utaratibu, Mwalimu. Yasipotosha mara mbili mfululizo, mtu anakaa nyumbani mpaka akapimwe kituoni."

"Kituoni wanapima lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ni siku ya kazi."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema mkuu, akitazama sakafu.

Nyumbani alikuwa anaishi na mdogo wake, fundi cherehani, mwanamke mwenye pini mdomoni na maneno yaliyopita katikati ya pini bila kuchomwa. Akamsimulia, maana kwa mtu mmoja angalau ilibidi aseme.

"Si umwambie nesi kinywa kinakauka kwa dawa? Kuna dhambi gani?"

"Nimwambie mimi? Baada ya kumtangazia mtoto wa watu ukumbini kwamba hakuna kinywa kisicho na mate, kuna kiburi tu?"

Mdogo wake akachomoa pini. "Basi dada, kumbe ulisema kweli."

Jumatatu iliyofuata alifika kabla ya jogoo. Kichupa chake kilikuwa kwenye pochi, stika ya namba yake imebandikwa. Aliyemfungulia geti alikuwa mlinzi, ambaye shule nzima ilimwita Redio kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyemkuta amezimwa. Mtu huyu alikuwa akisema, na akisema mate yalikuwa yanamruka, na yakimzidi aliyatema chini ya ukuta. Walikuwa wamegombana juu ya jambo hilo miaka kumi na tisa.

"Redio," akasema Bi Marufuku kwa sauti ya chini, "bado unatema mate pale kwenye kona?"

"Nani, mimi? Mwalimu, mimi niliacha mwaka ule uliponifungia geti nikiwa nje, mlinzi nimelindwa."

"Usiniongopee. Leo nakuuliza kwa wema."

"Wema gani huo unaoanza na mate asubuhi yote hii?"

Akafungua pochi, akamwonyesha kichupa. Redio akakitazama, akamtazama yeye, akakitazama tena.

"Unataka kunipima? Mimi simo. Nesi kasema watu wa kampuni hatuugui."

"Sikupimi. Nakuomba uteme humu."

Ikapita dakika nzima bila Redio kusema neno, na hiyo peke yake ilistahili kuandikwa mahali. Kisha akacheka mpaka akashika geti. "Miaka kumi na tisa unanifukuza kama kuku kwenye mchele, leo unaniletea na chombo! Kumbe kisima kimekauka, Mwalimu?"

"Punguza sauti, mwanaume wewe. Utatema au hutatema?"

"Natema, lakini kwa ahadi. Jumatatu yako ya mwisho kabla ya kustaafu, nitatema mate mara moja tu, mbele ya kile kibao chako, na wewe umesimama unaangalia. Husemi kitu."

Bi Marufuku akafumba macho. Akaona fremu nyuma ya kabati. "Haya."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mstari. Na povu halihesabiwi."

Redio alijaza kwa mkupuo mmoja, akapitiliza mstari. "Kama mwalimu mkuu naye amekaukiwa, mwambie aje, bomba liko wazi." Akavuta kamasi.

"Pangusa pua," akasema Bi Marufuku, kwa mazoea tu, kama anavyowaambia watoto mia nne kila siku, akampa kitambaa cha karatasi, akafunga kifuniko na kuondoka upesi.

"Vumbi la geti hilo!" Redio akampigia kelele kwa nyuma.

Siku ile Bi Marufuku alisimamia ukumbi kwa furaha ambayo watoto hawakuielewa. Kichupa chake alikiweka kwenye boksi juu ya vyote.

Jumatano, saa nne kasoro, aliitwa tena. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mikono nyuma.

"Mwalimu, kaa."

"Nimekaa sana kabla hujazaliwa. Yametosha?"

"Yametosha, Mwalimu. Yametosha kabisa." Akakohoa kidogo, akajuta kukohoa. "Yamekutwa na virusi. Vile vya kifua vinavyosumbua zaidi wazee na watoto wachanga. Unatakiwa nyumbani siku tano. Kuanzia sasa."

Bi Marufuku alikuwa mzima kama kengele. Akafungua mdomo aseme si yangu, halafu akaufunga, maana aliona mtego aliojitegea mwenyewe ulivyokaa. Akisema kweli, mahudhurio yake yanapona na heshima inakufa. Akinyamaza, heshima inapona na mahudhurio yanakufa, tena kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Ndugu zangu, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Alichagua heshima. Mgonjwa hachekwi. Alichukua pochi yake, akatoka ofisini bila kutazama kabati, akavuka uwanja wakati watoto wako darasani.

Redio akafungua geti macho yamemtoka. "Mwalimu? Saa nne? Tangu nizaliwe getini hapa sijakufungulia saa nne. Kuna msiba?" Akaanza kukohoa, kikohozi cha chini kinachotoka kifuani kama mtu anayeburuta kabati.

Hapo tu ndipo jambo zima lilipomfikia. Muda wote alikuwa akifikiria kichupa kile ni cha nani, hakufikiria hata mara moja mate yale yalikuwa ya nani.

"Kimeanza lini hicho kikohozi?"

"Hiki? Jumapili. Si kitu, hakinizuii hata kuimba. Binti yangu yuko nyumbani na kichanga, wiki ya tatu sasa. Mtoto halali mpaka babu yake amlaze kifuani amwimbie. Mama yake anasema nina kifua cha joto."

"Redio, sogea nyuma. Zaidi. Yale mate yamerudi na virusi. Ni vya kwako. Leo usimshike mtoto. Nenda nyumbani sasa hivi, ulale chumba cha peke yako."

Redio alimeza mate, na safari hii hayakuwa mengi. "Niende vipi? Nikiacha geti bila karatasi ya nesi, kampuni wananiandika mtoro, na kesho kuna mwenzangu hapa. Na nesi atanipa karatasi gani, mimi simo kwenye orodha?" Kisha akakumbuka jingine. "Mwalimu, na ukisema kwamba nilikujazia, si watanifukuza vilevile?"

"Nitasema nilikuomba. Kosa ni langu."

"Watakucheka."

"Na wacheke."

Akageuka. Waliomwona siku ile wanasema hakutembea kama mwalimu wa nidhamu, alitembea kama mtoto aliyetumwa kuleta ndoo na brashi. Ilikuwa saa nne ya chai, walimu wote wako ofisini na vikombe vyao. Akasimama mlangoni, barakoa usoni ingawa haikumhusu.

"Mate niliyoyapeleka Jumatatu si yangu," akasema. "Ni ya mlinzi. Yangu hayatoki. Nameza dawa, kinywa kimekauka miaka miwili. Nilimwomba, akanisaidia. Sasa yeye ndiye mgonjwa, ana kichanga nyumbani, na hayumo kwenye orodha. Naomba nesi aitwe sasa hivi."

Mwalimu wa hesabu alikuwa ametia chai mdomoni, akashindwa kuimeza, akashindwa kuitema, maana kutema ni marufuku. Machozi yakamtoka.

Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona jua. "Basi wewe si mgonjwa! Mwalimu, huendi popote! Mahudhurio yako yako palepale!" Karibu apige makofi.

Bi Marufuku angeweza kuishia hapo. Aliona mlango umefunguliwa na cheti kinamwita. Lakini kwenye kona ya meza alikuwa amekaa mwalimu wa jiografia, kijana mpole, na mwaka juzi kijana huyo alileta maandalio ya masomo aliyoyaazima kwa rafiki yake wa shule nyingine, akaandika jina lake juu. Bi Marufuku alimkamata, akamtaka mkuu amsimamishe siku tatu, na kalamu nyekundu ikafanya kazi yake. Sasa kijana alikuwa anamtazama tu, hana hata kinyongo, anasubiri aone.

"Kanuni za wafanyakazi," akasema Bi Marufuku. "Ukurasa wa nne."

"Mwalimu," akasema mkuu, "hiyo ni ya maandalio ya masomo."

"Soma."

Mkuu akasoma, kama anavyosoma mtoto aliyesimamishwa. "Atakayewasilisha kwa jina lake chochote ambacho si chake, asimamishwe kazi siku tatu."

"Chochote," akasema Bi Marufuku. "Neno hilo nililiandika mimi, nikalipigia mstari."

"Mimi niliazima karatasi tu, Mwalimu," akasema mwalimu wa jiografia taratibu, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa anajaribu kumsaidia.

"Na mimi mate, mwanangu. Pole sana kwa siku zile tatu."

Akalifuata daftari la mahudhurio kwenye rafu, akalifungua, akachukua kalamu nyekundu. Mstari wa kwanza. Alhamisi, hayupo. Ijumaa, hayupo. Jumatatu, hayupo. Mwandiko wake ulikuwa uleule, umenyooka.

Nesi alifika saa sita na boksi dogo. Aliwatolea vijiti vyembamba vyenye pamba, akamwingizia Redio chake puani, kisha Bi Marufuku chake, dakika chache tu kila mtu akajua lake: Redio anavyo, Bi Marufuku hana. Redio akapewa karatasi yenye muhuri.

"Kumbe kuna cha puani?" akauliza Bi Marufuku, jicho moja linatoa machozi.

"Kipo tangu mwanzo, Mwalimu. Kwa wazee na wanaotumia dawa. Si habari hiyo imo kwenye tangazo?"

"Binti yangu, tangazo nililibandika mimi. Haimo."

"Imo. Mstari wa mwisho."

Wakaenda barazani, Redio akiwafuata kwa mbali na barakoa yake. Nesi akachomoa pini mbili za chini, na karatasi ikajifungua ikashuka polepole, ikakifunika kibao cha bati. Hapo chini, kwa maandishi madogo, pameandikwa: "Mwenye kinywa kikavu kwa sababu ya umri au dawa amwambie nesi faraghani, atapimwa kwa kijiti cha puani. Si aibu."

Bi Marufuku alisoma mara mbili. Kisha akasema, "Hata 'si aibu' waliandika."

"Mwalimu," akasema Redio kutoka mbali, sauti imezibwa na barakoa, "hukulikunja tangazo, ulijikunja mwenyewe."

"Nenda nyumbani, mgonjwa wewe."

Zile siku tatu alikaa nyumbani hajui mikono aiweke wapi. Saa moja na nusu alisimama mlangoni na pochi. Mdogo wake alimpa shati la kushona vifungo, akashona vifungo saba kwenye shati la vifungo sita. Alimpigia Redio simu asubuhi na jioni. Redio alikuwa amehamia kibanda cha nyuma ya nyumba, na kwa kuwa kichanga hakilali bila babu, alikuwa akisimama nje ya dirisha lililofungwa anaimba kwa sauti, mama yake mtoto anambeba ndani, na majirani wa pande mbili wanalala wote kwa pamoja. Mtoto hakukohoa. Si siku zile, wala wiki zilizofuata.

Msichana wa darasa la tatu naye hakusahauliwa. Siku ya kurudi kwake, Bi Marufuku alimsimamisha mstarini mbele ya watoto mia nne, msichana akadhani amekwisha. "Kuna vinywa visivyo na mate," akatangaza Bi Marufuku. "Changu kimojawapo. Nilikusingizia." Msichana akasema, "Asante, Mwalimu," na akaenda kukaa.

Cheti kilikuwa kimeshaandikwa na kioo kimeshapigwa. Mwalimu mkuu alisema kiachwe hivyohivyo, nani atajua. Bi Marufuku alikitoa nyuma ya kabati, akafungua fremu, akabandika ukanda mwembamba wa karatasi chini ya sentensi yake, akaandika kwa kalamu nyekundu: "isipokuwa siku tatu." Kisha akakirudisha kilipokuwa, nusu nje, ili mkuu asijue kwamba alikuwa akijua.

Na Jumatatu ya mwisho kabla ya kustaafu alikuja na bisibisi. Alikiondoa kibao cha bati kwa mkono wake, maana tangazo lilihitaji nafasi. Ukutani pakabaki alama ya mraba yenye rangi mpya ambayo jua halikuiona miaka ishirini na saba, na tangazo halikuweza kuifunika yote.

Redio alikuja, mzima, sauti imerudi yote. Siku hizi alikuwa kwenye orodha: jina la mwisho kabisa, limeongezwa kwa mwandiko ulionyooka. Alikuwa na kichupa chake chenye stika yake. Akasimama pale mbele ya ile alama ya mraba, akatazama kushoto na kulia, watoto wakaacha kwenda darasani.

"Mwalimu, ahadi ni ahadi. Unaangalia?"

"Naangalia."

"Na husemi kitu?"

Bi Marufuku alikunja mikono. Alijizuia sana, Mungu ni shahidi. Redio akainamisha kichwa, akajaza kichupa.

"Povu halihesabiwi," akasema Bi Marufuku.